Kisiki Kinachochipuka: Habari za Uchungu na Neema katika Ngara na Biharamulo

Katika torati ya Musa mwaka wa Jubilei ulikuwa mwaka wa kuachilia. Mtumwa alirudi kwao, na shamba lililouzwa kwa ajili ya shida likamrudia mwenyewe. Haikuwa karamu tu. Ilikuwa siku ya mtu kufungua mkono na kuacha kile alichokuwa amekishika. Basi tangu Dayosisi ya Kagera isimame mwaka 1985, makao yake yakiwa Murgwanza katika Ngara, imetimia miaka 40, na mitaa yetu ikatakiwa kumshukuru Mungu kwa nyimbo, na kwa sadaka, na kwa mahubiri. Sisi tuandikao habari hizi, tuliokuwa mwalimu wa shule zamani na sasa ni mhubiri wa mtaa, tulipewa somo katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, mstari wa 15. Hapo mwandishi awaonya waaminio wasiikose neema ya Mungu, wala wasiache mzizi mchungu umee katikati yao, ukawatia unajisi watu wengi.

Tulilipokea somo hilo kwa furaha, maana tulidhani ni jepesi. Kumbe, lilitushinda majuma matatu. Tumeona vema kueleza jinsi lilivyotushinda, ili walimu na wahubiri wajao baada yetu wapate faida. Tena habari ya mahubiri hayo haitengani na habari ya nchi hii.

NCHI YA MPAKANI

Mhubiri apewapo somo gumu, jambo la kwanza atendalo ni kutafuta mifano ya watu wengine. Nasi tulifanya vivyo hivyo. Juma la kwanza tuliandika habari za nchi.

Itazameni Ngara katika ramani. Magharibi yake ni Burundi, na kaskazini ni Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, penye maporomoko ya Rusumo. Bugufi, nchi ya Wahangaza, zamani ilihesabiwa katika ufalme wa Burundi. Walakini Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi baada ya vita ya 1914 hata 1918, Bugufi ilibaki upande wa Tanganyika. Hivyo watu wa lugha moja na damu moja walijikuta chini ya bendera mbili. Upande wa mashariki ni Biharamulo, ambako Wadachi walijenga boma lao, na kuta zake zasimama hata leo.

Mpaka wa namna hii si ukuta, ni mlango, na mlango huo umepitisha machozi mara nyingi. Tangu mwaka 1959 Watutsi wa Rwanda walikimbia nyumba zao zilipochomwa moto, na wengi wao wakapewa mahali pa kukaa katika Ngara, huko Muyenzi. Mwaka 1972 damu nyingi ilimwagika Burundi, na watu wakakimbilia Tanzania. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na kwa mara nyingine watu elfu nyingi wakavuka mpaka, hali wamebeba watoto na mikeka. Kila waliovuka walileta mizigo miwili: mmoja wa kichwani, ambao kila mtu aliuona, na mmoja wa moyoni, ambao hakuna aliyeweza kuwatua.

MOTO WA GAHINI

Juma la pili tuliandika habari za Kanisa, maana tulisema, Ikiwa uchungu umepita katika mlango huu, bila shaka na neema imepita.

Nasi tuliiona. Katika Rwanda ya mashariki, kando ya ziwa Muhazi, iko Gahini, penye hospitali ya misheni. Daktari Joe Church, Mwingereza, na ndugu Simeoni Nsibambi wa Uganda walikutana Namirembe mwaka 1929, wakasoma Maandiko pamoja na kuomba kama watu wawili wenye njaa moja. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alifundisha huko Gahini, akawaita Wakristo waamke usingizini. Naye alifariki mwanzo wa mwaka 1936 angali kijana. Katika miaka ile moto wa Uamsho uliwaka, ukaenea Uganda na Kenya. Hata Tanganyika ukafika, katika Katoke, penye chuo cha walimu cha misheni upande wa Ziwa Viktoria, kisha ukaingia katika makanisa ya pande hizi za magharibi.

Wazee wetu wa Uamsho hawakujulikana kwanza kwa kelele za nyimbo. Walijulikana kwa safari. Mtu aliyeguswa moyo alifunga safari kwenda kwa jirani yake, amechukua jembe aliloliiba, au fedha aliyoidhulumu, au maneno tu ya kuomba radhi. Mtumishi alikwenda kwa bwana wake, na mmisheni Mzungu, jambo lililokuwa la ajabu siku zile, alisimama mbele ya Waafrika akaungama kiburi chake. Waliliita jambo hilo kutembea nuruni.

Katika matunda ya Uamsho ule alikuwako Festo Kivengere wa Kigezi. Alipookoka, aliona kwamba alikuwa amemchukia Mzungu mmoja kwa miaka; akapanda baiskeli, akaenda safari ndefu mpaka nyumbani kwa mtu yule, akamwomba msamaha. Baadaye alikuja kufundisha shule huko Dodoma, na wako waliomsikia akihubiri katika Tanganyika. Mwaka 1972 alifanywa askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Askofu Festo na mkewe wakakimbia usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda.

Huko uhamishoni alihubiri juu ya msalaba kama alivyohubiri siku zote, walakini ndani yake palikuwa na jiwe. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka ule ule, ameketi kanisani katika London, akasikia tena jinsi Bwana Yesu alivyowaombea askari waliompigilia misumari. Ndipo alipotambua kwamba moyo wake umekuwa mgumu juu ya Amin, na ya kuwa ugumu ule wadhoofisha utumishi wake. Akaomba asaidiwe kumsamehe. Mwaka huo akatoa kitabu, na jina lake likawashangaza watu wengi, maana alisema humo kwamba anampenda Idi Amin.

Tusidhani lilikuwa neno rahisi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliingia katika mkoa wetu wenyewe, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, wakaua watu na kuteka mali kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Majeshi ya Tanzania yakawatoa, na Amin akakimbia mwezi wa Aprili 1979. Mtu yule aliyesamehewa na askofu hakuwa amegeuka. Basi hapo tulijifunza kwamba msamaha si kusema adui amekuwa mwema. Ni kukataa adui asitawale ndani ya kifua chako baada ya kutawala nchi yako.

MWAKA 1994

Hapo tulidhani mahubiri yametimia. Tulikuwa na uchungu, tulikuwa na neema. Walakini tulipotaka kufunga maandiko yetu, mwaka 1994 ulisimama mbele yetu, wala hatukuweza kuupita.

Tangu tarehe 6 Aprili 1994, usiku ndege ya Rais Habyarimana ilipoangushwa, hata mwezi wa Julai, Watutsi wa Rwanda na wengine waliokataa kuwaua walichinjwa. Hesabu itajwayo mara nyingi ni watu 800,000. Miili ilichukuliwa na mto Kagera, ikapita Rusumo, ikafika mpaka Ziwa Viktoria, na watu wa pwani ya ziwa wakaacha kula samaki. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili daraja la Rusumo lilijaa, na katika muda wa siku moja tu watu wapata 250,000 wakaingia Ngara, wakakaa Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya wajenzi wa barabara. Wengi walikuwa wanawake na watoto wasio na hatia. Na katikati yao walijificha wauaji, mikono yao haijakauka. Kilima kilichokuwa malisho jioni, asubuhi kilikuwa mji.

Hapo ndipo palipo swali linalomchoma mhubiri wa pande hizi. Nchi ile iliyochinjana ndiyo nchi ya Gahini. Watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa, hata ndani ya makanisa. Je, Uamsho ulikuwa bure? Tuliandika jibu, tukalifuta. Tukaandika jingine, tukalifuta. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao wakafa pamoja nao, na hao ni mashahidi wa kweli. Lakini wako wengi walioimba nyimbo za toba, na chini ya wimbo waliacha chuki ya kabila iliyopandwa na kumwagiliwa maji miaka mingi. Neema haiwi urithi kama shamba. Baba aweza kumwachia mwana Biblia yake, wala hawezi kumwachia toba yake.

Tena hatuna budi kusema waziwazi: kusamehe hakufuti hukumu. Mwezi wa Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama juu ya mambo ya Rwanda, nayo ikafanya kazi Arusha, katika nchi yetu, hata mwaka 2015. Mhubiri asimwambie mjane wa Rwanda, Samehe upesi, ili sisi tusisumbuliwe na machozi yako. Aliyeumizwa ndiye ajuaye kina cha jeraha, na Mungu peke yake ndiye awezaye kumwita kwa wakati wake.

SWALI LA NYUMBANI

Jumamosi ya juma la tatu, jioni, tuliwasomea watu wa nyumbani kurasa zile zote. Watoto wakasinzia. Mke wetu akasikiliza hata mwisho, mikono yake ikichambua maharage, kisha akasema, “Mwalimu, nimesikia habari za Rwanda, na za Burundi, na za Uganda. Na za mikaratusi, je?”

Hatukumjibu. Tulitoka nje tukasimama gizani.

Sasa hatuna budi kueleza. Marehemu baba yetu alipanda mikaratusi juu ya mteremko karibu na kijito, akasema itakuwa ada ya shule ya wajukuu wake. Mwezi wa Mei 1994, watu wa kambini walipotafuta kuni kila upande, miti ile yote ilikatwa katika muda wa majuma machache. Wakimbizi hatukuwachukia kwa ajili hiyo. Nani atamnyima kuni mama mwenye mtoto mgongoni? Lakini baadaye tulisikia ya kuwa jirani mmoja, mzee wa kanisa, mchukuzi wa sahani ya sadaka, aliwaonyesha wakataji mpaka wa shamba kana kwamba ni wake, akapokea fedha. Tulimpeleka mbele ya wazee wa kijiji. Akakana. Mashahidi wetu walikuwa wakimbizi, nao mwezi wa Desemba 1996 walirudishwa Rwanda kwa daraja lile lile, karibu watu laki tano katika mwezi mmoja, wala hatukuwaona tena. Shauri likafa.

Shauri lilikufa barazani, moyoni likaishi. Tulimsalimu njiani kwa mdomo tu. Tulipiga magoti pamoja naye penye Meza ya Bwana, tukiangalia tusiwe karibu naye. Hata mama yake alipofariki, tulijifanya wagonjwa, hatukwenda mazikoni. Na katika miaka hiyo yote, mara nyingi sana, tuliwafundisha watoto wa shule kusamehe.

Kila mkulima wa hapa ajua tabia ya mkaratusi. Ukiukata, haufi, kisiki huchipuka, na penye shina moja huinuka matatu. Tena mizizi yake hunywa maji, hata kijito kilicho karibu hupungua. Miti ya baba ilikwisha kuchipuka zamani, tukaivuna mara mbili, tukasomesha kwayo watoto. Hasara yetu ilikuwa imelipwa na mvua ya Mungu, nasi bado tulikuwa tukidai. Usiku ule, tumesimama karibu na visiki vile, tulifahamu maana ya somo letu: ni sisi tuliokuwa tumelikata shina juu, tukaliacha chini.

CHINI YA MABATI

Asubuhi, baada ya ibada, tulikwenda kwa jirani yetu. Mwendo wenyewe haupati robo saa. Sisi tuliuenda kwa miaka karibu 30. Alitukaribisha ndani, akatoa kiti, akangoja. Tulimwambia kwamba tumemchukia, na kwamba tumekuja kuomba radhi kwa chuki hiyo. Hatukutaja miti.

Akanyamaza kitambo, kisha yeye ndiye aliyeitaja. Akasema, “Mwalimu, miti niliiuza. Tazama juu. Mabati haya unayokaa chini yake ndiyo miti ya baba yako.” Tukainua macho, yalikuwa yameshika kutu. Akaendelea, “Fedha ya kulipa sina. Lakini nami ninalo neno langu. Siku ya kumzika mama niliwahesabu waliokuja. Waliokuwa adui zangu walikuja. Wewe, uliyefundishwa na mama yangu kukamata jembe ungali mtoto, hukuja.”

Neno hilo lilitupata kama mtu apigwavyo na tawi usoni. Kwa muda wote ule tulikuwa tukiandika deni la upande mmoja, wala hatukujua ya kuwa katika daftari nyingine jina letu limeandikwa, na deni letu ni kubwa kuliko la miti. Miti huchipuka; maziko hayarudi. Tulimwomba radhi mara ya pili, na safari hii hatukuwa na sauti.

Mkewe akaleta ndizi na maharage. Tukala pamoja chini ya mabati yale. Mwezi huo huo, kwa hiari yake, alisema mbele ya wazee wa kanisa ya kuwa miti ilikuwa yetu. Nasi tukasema mbele yao habari ya maziko. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa kuyaandika haya, pasipo kutaja jina. Hatutaki kudanganya mtu: hatujawa kama Daudi na Yonathani. Yako maneno ambayo bado tunayakwepa, na siku nyingine shina lataka kuchipuka. Lakini sasa tukiliona lachipuka, twajua mahali pa kwenda.

MAHUBIRI YENYEWE

Hatuthubutu kulinganisha miti na damu. Aliyepoteza ukoo wake akisoma habari ya mikaratusi yetu, na atusamehe. Tumeiandika kwa sababu moja tu: wengi wetu katika Ngara na Biharamulo hatukuua mtu, kwa hiyo hudhani somo la uchungu ni la watu wa ng'ambo ya mto. Walakini chuki zile kubwa zilianza zikiwa ndogo, kati ya jirani na jirani, katika mipaka ya mashamba, na katika mazishi ambayo mtu fulani hakuja.

Siku ya ibada, kurasa zetu nyingi tuliziacha nyumbani. Tulisoma habari ya Israeli walipofika Mara jangwani, wakakuta maji machungu, na Bwana akamwonyesha Musa mti. Akautupa majini, maji yakawa matamu. Tukasema kwamba kwetu sisi mti huo ni msalaba, nao hautupwi katika maji ya jirani kwanza, hutupwa katika kisima chako. Kisha tukaeleza habari ya mikaratusi kwa maneno machache, tukaketi. Yalikuwa mahubiri mafupi kuliko yote tuliyopata kuhubiri. Baada ya ibada tuliona watu wawili, ambao ugomvi wao kila mtu aujua, wamesimama chini ya mwembe wakisema nao. Waliyoyasema hatuyajui, wala si kazi yetu kuyajua.

Nanyi walimu mtakaowafundisha watoto somo hili, twawasihi neno moja. Msianze na vita vya Amin, wala na Benaco, ijapokuwa yawapasa watoto kuzijua habari hizo zote na miaka yake. Anzeni na mtu ambaye ninyi wenyewe mwageuza njia msikutane naye. Miaka 40 tumejenga makanisa, na shule, na zahanati, na kwa hayo twamshukuru Mungu. Lakini wazee wetu wa Uamsho walijenga kwanza njia ya miguu, kutoka mlango mmoja hata mlango wa jirani. Njia hiyo huota majani upesi isipopitwa. Na tuipite katika mwaka huu wa kuachilia, kila mtu kwa jirani yake, kabla ya jua kuchwa.